Uzoefu wangu na voisi chati ya ndani ya gemu: ukicheza na usiowajua utaihitaji tu

Kila likiibuka swali la kama gemu inahitaji voisi chati yake yenyewe, yaani kuongea kwa sauti na wenzako humo humo unapocheza, jibu la kwanza ni "si kuna Discord?", ile programu ya pembeni ya kuongelea, na nalielewa, maana kundi langu la kucheza tuko huko huko, sauti safi, gemu ikikwama bado tunasikiana, tukihamia gemu nyingine hakuna anayepotea. Kwa marafiki sibishi, voisi ya ndani ya gemu hata siigusi. Ila muda mwingi mimi naingia peke yangu, naunganishwa na watu nisiowajua, na hapo Discord hainisaidii kitu. Mechi inaisha baada ya dakika ishirini, nani aanze kutuma linki, nani afungue akaunti, halafu umpe mtu usiyemjua jina lako ambalo kesho atakutafuta nalo? Hakuna anayefanya hivyo. Kwa hiyo gemu isipokuwa na maiki yake sisi wa kuunganishwa hatuongei, basi.

Juzi tulibaki wawili kwenye skwadi, mimi na mtu ambaye mechi nzima hajasema neno. Duara la eneo salama linafunga, niko nyuma ya ukuta najitibu, mara nasikia "usitoke, yuko juu ya paa, ngao yake nimeivunja, nahesabu mpaka tatu tunatoka wote". Tukatoka wote, tukamaliza. Hayo maneno angeyaandika saa ngapi? Na mimi ningeyasoma saa ngapi, kwenye simu ambapo kibodi ikifunguka inafunika nusu ya skrini na vidole vyote viko kazini?

Wanaosema pingi inatosha, yaani ile alama unayowawekea wenzako kwa kubonyeza tu, wana hoja nzuri kuliko wale wa Discord. Apex Legends ilipotoka Februari 2019 ilionyesha mambo makubwa kwenye hilo, unaelekeza kwenye silaha, kwenye adui, kwenye sehemu unayotaka timu iende, mhusika wako anasema mwenyewe na wenzako wanaona alama, huhitaji kujua lugha ya mtu wala kuwa na maiki. Naipenda sana na naona kila gemu ya timu inapaswa kuwa nayo, hasa kwa wachezaji viziwi na wasioweza kuongea. Lakini pingi itakuonyesha adui alipo, haitakwambia tusubiri kwanza kwa sababu kuna timu nyingine inakuja kwa nyuma.

Halafu kuna gemu ambazo ukitoa voisi hakuna kinachobaki. Phasmophobia ya 2020, mzimu wenyewe unakusikia unavyoongea. Lethal Company ya 2023, mwenzako akisogea mbali sauti inafifia, akifa hamumsikii tena, na ule ukimya ndio unaokwambia kuna jambo. Linganisha na Among Us, gemu ya kumtafuta muuaji aliyejificha kati yenu, ilitoka 2018 bila voisi, watu walipoijaza 2020 wakawa wanaongea kwenye programu za pembeni na kila mtu anatakiwa ajizime maiki mwenyewe, mmoja akisahau akiuawa anapiga kelele na mchezo umeharibika pale pale. Programu ya pembeni haijui umekufa, haijui uko chumba gani, gemu inajua.

Sasa upande mbaya, na huu unaniuma. Mimi ni mwanamke, na kuna siku nafungua mdomo kusema "wawili kushoto" naambulia matusi mpaka mechi inaisha, wengine wanaanza kunifuata makusudi. Wanawake wengi ninaocheza nao wameacha kabisa kuongea na wasiowajua, na watoto nao wako humo humo wanasikia kila kitu. Gemu moja ninayoicheza sana maiki inakuja ikiwa wazi tangu unapoisakinisha, unasikia feni ya mtu, runinga, mama anamwita, na ukimzima mtu sauti ni kwa mechi ile tu, mkikutana tena anarudi na matusi yake, unaanza upya kumtafuta kwenye menyu huku unapigwa risasi. Hiyo voisi wameiweka ili ionekane ipo tu, hawajamfikiria anayeitumia.

Ninachotaka si kikubwa. Maiki ianze ikiwa imefungwa na uongee kwa kubonyeza, kitufe cha kumzima mtu kiwe pale pale kwenye jina lake, na nikimzima abaki amezimwa mpaka mimi mwenyewe nibadilishe. Kuripoti pia kuwe na ushahidi. Fortnite mwaka 2023 waliweka utaratibu ambapo dakika 5 za mwisho za maongezi zinabaki kwenye kifaa chako, haziendi popote mpaka mtu aripoti. Call of Duty mwaka huo huo wakaleta mfumo wa kompyuta unaosikiliza maongezi kutafuta matusi na vitisho. Binafsi naona wa kwanza unaheshimu watu zaidi, kwa sababu sitaki kusikilizwa muda wote ati kwa sababu kuna mmoja hana adabu.

Kuhusu data msitishike, sauti ikitumwa kwa kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima ya kuongea mfululizo ni kama MB 14 hivi. Kinachosumbua zaidi kwenye simu ni earphone za Bluetooth, ukiwasha maiki zinahamia kwenye hali ya kupigia simu na sauti yote ya gemu inashuka, nyayo za adui huzisikii vizuri. Tumia za waya.

Nintendo nao wamejitahidi, enzi za Switch ya 2017, kifaa chao cha kuchezea gemu, kwenye gemu ya Splatoon 2 ulilazimika kuongelea kwenye programu ya simu, Switch 2 ya 2025 ikaja na kitufe chake kabisa cha GameChat, voisi chati yao, ila ni ya marafiki, tunarudi kule kule kwa watu ambao tayari wana pa kuongelea.

Kama unaogopa kuanza, angalia kwenye setingi, gemu nyingi zinatenganisha kusikiliza na kuongea. Mimi naacha kusikiliza kukiwa wazi, maiki imefungwa, nikikutana na mtu anayetoa taarifa za maana ndipo nabonyeza na kumjibu.