Klachi ngumu na mikono ya kurekebisha: uzoefu wangu wa miezi mitano

Pikipiki yangu ni ya Kichina, yenye injini ya mtindo wa Honda CG125, nami huitumia kuzungukia vijiji vya Mvomero kwa kazi ya ugani. Barabara ya vumbi hainisumbui sana. Kilichokuwa kikinimaliza ni kupita Msamvu, mjini Morogoro, jioni, ambapo katikati ya foleni ya mabasi na bajaji nilibana na kuachia klachi mara nyingi kiasi kwamba nilifika nyumbani nikiwa siwezi kufungua hata chupa ya maji kwa kiganja cha kushoto. Vidole vyangu ni vifupi, na mkono wa klachi uliokuja na pikipiki ulikaa mbali na mpini, kwa hiyo nilikuwa nikiuvuta kwa ncha za vidole tu.

Niliamini dawa ni mikono ya kurekebisha, ile ya alumini yenye kitufe cha kuzungusha kuanzia namba 1 hadi 6 ili kuusogeza mkono karibu na mpini au mbali nao. Nilinunua jozi moja, mkono wa klachi na wa breki, Kariakoo kwa shilingi 38,000. Haina jina la kiwanda, ila imechongwa vizuri na haina ncha kali. Nilipoifunga, vidole vilifika bila shida, lakini klachi ilibaki nzito vilevile, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa na matatizo mawili na nimenunua dawa ya moja.

Fundi wa kwanza aliniambia kwamba pleti za klachi zimekwisha na springi zimekaza, hivyo ni lazima injini ifunguliwe. Sikukubali, kwa sababu pleti zikichakaa klachi huteleza, injini ikavuma bila pikipiki kuongeza mwendo, nazo springi hulegea kadiri zinavyozeeka. Nilirudi nyumbani nikachomoa waya wa klachi kwenye injini. Mkono mdogo ulio kwenye kava la injini niliusukuma kwa spana, nao ulikwenda na kurudi kama kawaida. Kisha nikauvuta waya peke yake ndani ya ganda lake, nikausikia ukikwaruza kama unaburutwa juu ya mchanga. Chini ya tangi, mtu aliyewahi kuitengeneza pikipiki hiyo kabla yangu alikuwa ameufunga kwenye fremu kwa mpira wa tyubu, ukakunjika kwa pembe kali, na karibu na risasi ya juu, yaani kipande cha chuma kinachoshika ncha ya waya, nyuzi tatu zilikuwa zimekwisha kukatika.

Waya mpya niliupata kwa shilingi 7,000. Kabla ya kuufunga niliuning'iniza, nikafunga kona ya mfuko wa plastiki kwenye mdomo wa ganda, nikatia oili nyepesi na kuiacha ishuke hadi ilipodondoka upande wa pili. Grisi nzito sikuitia humo, maana hukamata vumbi na kuganda. Niliipaka kwenye bolti ya mkono peke yake. Niliupitisha waya kwa mkunjo mpana, nikawasha injini, nikageuza usukani kushoto na kulia hadi mwisho ili kuhakikisha kwamba haujikazi popote. Tofauti ilikuwa kubwa: sasa navuta kwa vidole viwili, jambo ambalo mikono ya shilingi 38,000 peke yake haikuweza kunipa.

Hata hivyo mikono hiyo ina faida yake, mradi mtu asiisogeze kupita kiasi. Nilipoweka namba ya karibu kabisa, mkono uligusa mpini kabla klachi haijaachia yote, pikipiki ikawa inajisogeza yenyewe kwenye foleni na kuipata nyutro ikawa kazi. Nimetulia kwenye namba 3, na ulegevu wa ncha ya mkono, yaani umbali unaokwenda kabla ya kuanza kuvuta klachi, nimeuweka ndani ya milimita 10 hadi 20, kipimo ambacho Honda hukitoa kwa CG125.

Upande wa breki ndio ulioniudhi. Mkono mpya ulikuwa ukiisukuma kidogo pistoni ya pampu hata nisipoushika, kwa hiyo breki ya mbele haikuachia kikamilifu, na baada ya safari fupi diski ilikuwa ya moto wa kuunguza. Kosa kama hilo linaweza kuifunga tairi ya mbele barabarani, na sikuona sababu ya kulichezea kwa tupa. Nilirudisha mkono wa zamani siku hiyohiyo. Matokeo yake ni kwamba kushoto nina mkono mweusi na kulia wa rangi ya fedha, na vijana wa kijiweni wamekwisha kuniuliza kama nilianguka.

Baada ya miezi mitano kitufe bado kinazunguka kwa mbano mzuri, ingawa rangi imechubuka pale kidole kinapokaa. Mkono wa klachi ningeununua tena, na safari hii peke yake, lakini muuzaji amenijibu kwamba huuzwa kwa jozi tu.