Miaka miwili kwenye klabu ya huduma hapa Tanga: nyota nne, na ile ya tano nimeizuia

Niliingia kwa ajili ya fulana. Shoga yangu mmoja wa Makorora alipita nyumbani Jumapili kavaa fulana nyeupe yenye nembo, nikamuuliza kaipata wapi, akanijibu kuna klabu ya kujitolea, ina tawi la vijana, "na huko watu wanapata michongo." Wakati huo nilikuwa na cherehani moja ya miguu barazani kwa shangazi, Ngamiani, nashona sare za shule na kupunguza suruali za watu. Mchongo wowote ulinihusu. Fulana nilikuja kugundua inauzwa, Sh 15,000, taslimu.

Klabu yenyewe sitaitaja, maana nina maneno mawili matatu ya kuwasema na wengine tunasalimiana njiani kila siku. Ni ya mtindo ule unaojulikana: ukoo wa Rotary ulianzia Chicago mwaka 1905, wa Lions ukaanzia mji huo huo mwaka 1917, na wengine wakafuata. Wafanyabiashara, madaktari, wanasheria, walimu wastaafu, wanakutana, wanachangishana, wanafanya miradi. Vijana nao wana matawi yao: Leo kwa Lions, Interact na Rotaract kwa Rotary. Wenzangu wengi wanaingia wakidhani ni shirika la kuajiri. Haliajiri mtu. Anayetoa ni wewe: ada, nauli na Jumamosi zako.

Mkutano wa kwanza ulikuwa kwenye hoteli upande wa Raskazone. Kengele ikagongwa, mtu akaitwa "Rais", nikadhani nimeingia bungeni kwa bahati mbaya. Kizungu kilikuwa kingi, soda ilikuwa bei ya sahani mbili za wali maharage kwa mama lishe wetu, na nilirudi nyumbani kwa miguu. Baadaye sisi vijana tuliomba darasa kwenye shule moja ya msingi, tukawa tunakutana huko bure, na Kiswahili kikarudi mahali pake. Waliokuwa hawafungui mdomo hotelini ndio wakawa wasemaji.

Kilichonifanya nibaki ni kambi ya macho. Walikuja wataalamu, klabu ikalipia dawa, miwani na chakula, sisi tukapewa foleni. Foleni ya wazee kuanzia alfajiri si kitu cha mzaha. Mimi niliwekwa kwenye ubao wa herufi E: mtu anakaa mita 6 kutoka ubaoni, anafunika jicho moja, anaonyesha kwa mkono miguu ya hiyo E imeelekea wapi. Hata asiyejua kusoma anapimika. Wenye mtoto wa jicho waliandikiwa siku ya upasuaji, ambapo lenzi iliyoingia ukungu hutolewa ikawekwa ya plastiki. Wengine, na ndio walikuwa wengi, shida yao ilikuwa ya umri tu: ukishavuka arobaini hivi, macho ya karibu yanaanza kukusaliti, na tiba ni miwani ya kusomea.

Kulikuwa na bibi aliyemsindikiza mumewe. Mwenyewe hakuja kupimwa, alisema yeye haoni shida, isipokuwa ana kazi ya kushona mikeka, na ukili, ile mikanda ya kusukwa, hauunganishwi bila sindano, na kwa miaka sasa kila akitaka kutunga uzi lazima amwite mjukuu. Nikamwambia, bibi, hiyo ndiyo shida yenyewe. Akajaribishwa miwani ya tatu au ya nne, akafungua fundo kwenye upindo wa kanga, akatoa sindano (alitembea nayo!), akatunga uzi kwa mkupuo mmoja. Kisha akaniinulia uso. "Kumbe mwanangu una chunusi hivyo?"

Nikacheka mpaka mstari wangu ukavurugika. Miwani ile, nilivyoambiwa, ilikuwa ya bei ndogo kuliko fulana yangu.

Sasa lile la kusema. Mwaka wa klabu hizi hauanzi Januari. Unaanza Julai na kwisha Juni, na uongozi kwa kawaida hubadilika hapo. Kila rais ana miezi kumi na miwili ya kuacha jina. Mnaona inakoelekea.

Mwaka wangu wa kwanza, mwezi wa Mei, tulikabidhi tangi la maji kwenye shule moja ya msingi. Mahema, viti vya kukodi, utepe, mgeni rasmi, picha. Watoto waliimba vizuri, sitawanyima haki yao. Agosti nikapita pale na baiskeli nikakuta koki imevunjika, tangi limejaa maji, na vijana wa darasa la sita wanapanda juu kuchota kwa kopo kupitia kwenye mfuniko. Nikapeleka taarifa. Nikajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba huo ulikuwa mradi wa rais aliyepita. Hebu fikiria. Tulichangishana vijana tisa, tukanunua koki ya chuma na kumlipa fundi bomba, Sh 23,000 yote kwa yote. Kukodi viti peke yake siku ile kulizidi hapo. Watu wa nje hututania Tanga kwa "waja leo waondoka leo". Ule mradi nao ulikuwa mja leo.

Mikoko ilikuwa vivyo hivyo, ingawa pale kosa lilikuwa letu pia. Tulishuka ufukweni Sahare na yale matunda marefu ya mkoko yanayofanana na kalamu, tukayachomeka mistari minyoofu kwenye mchanga ulio wazi, mbele kabisa, kwa sababu hapo ndipo picha inakaa vizuri. Mzee mmoja mvuvi alikuwa anatengeneza wavu, akatuacha tumalize, halafu ndipo akasema: mkoko unataka tope, ndani huko penye utulivu, mbele panapopigwa na mawimbi ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko. Baada ya miezi mitatu hakukuwa na mche hata mmoja. Tungemuuliza kwanza, tungeokoa asubuhi nzima na migongo yetu.

Nasema haya nikijua kwamba watu hawa wakiamua kushikilia jambo wanaweza. Rotary walianza kampeni yao ya polio mwaka 1985, na Afrika ikathibitishwa kuwa haina kirusi cha polio cha asili Agosti 2020. Katikati hapo ni miaka 35, na marais wamebadilika kila Julai bila mmoja wao kusema ile ilikuwa kazi ya mwenzangu. Koki moja ya Tanga itashindikanaje?

Kwa upande wa kuwalea vijana, hapo nawapa nyota zote bila kubishana. Semina za uongozi zilikuwa za kawaida, karatasi ubaoni na kalamu za rangi, nimesahau nusu. Ila kulikuwa na mwanachama mmoja, mhasibu mstaafu, sote tunamwita mjomba. Alikuja darasani kwetu Jumamosi kumi na moja, na daftari. Alinifundisha kutenganisha hela ya cherehani na hela ya shangazi. Inaonekana jambo dogo, lakini mimi nilikuwa nashona miaka minne bila kujua kama napata faida au nachezea nyuzi.

Yeye ndiye aliyetuambia watano tuunde kikundi na tuombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, hauna riba. Tulikuwa tukiusikia redioni tu. Katiba ya kikundi tuliiandika naye mara tatu. Maombi ya kwanza yalirudishwa kwa sababu jina langu kwenye muhtasari halikufanana na la kitambulisho cha taifa, herufi moja. Ya pili yako kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Tunasubiri.

Kazi ya kikundi ni pedi za kitambaa, nayo ilitokana na ugomvi. Klabu ilikuwa inagawa pedi za dukani kwenye shule za sekondari, pakiti mbili kwa msichana. Nikauliza kwenye mkutano, na pakiti mbili zikiisha je? Kimya. Rais wa mwaka ule, namsifu kwa hili, akasema basi leta sampuli. Klabu ikanunua pamba, taulo la kati na kitambaa cha chini kisichopitisha maji, ikatulipa ushonaji. Zile za kwanza zilikuwa nyeupe, na wasichana walikuwa wakizifua vizuri kisha wanazianika chini ya kitanda kwa aibu. Kwa unyevu wa masika hapa kwetu, hazikauki, zinanuka, na si salama, zinataka jua. Basi tukahamia kitambaa cha maua. Ukikianika kambani, jirani anaona leso tu.

Kwa anayetaka kujiunga: ada ya vijana kwetu ni Sh 2,000 kwa mwezi, ya wakubwa ni mbali zaidi. Fulana si lazima, wasikutishe. Nenda mikutano mitatu kabla hujalipa chochote, na uwaulize walifanya nini mwaka juzi, kisha uende ukakione kwa macho.

Rais mpya ameingia. Ameniomba mawazo ya miradi, nikampelekea orodha ya ile ya zamani: tangi, miwani kwa waliokosa ile siku, mikoko kwa kumfuata yule mzee. Amesema ataisoma. Koki ya chuma bado inafanya kazi, ila imeanza kuvuja kwenye shingo, na ndoo ya chini inajaa kabla ya mapumziko.