Diklofenaki au Methotreksati kwa Mgonjwa wa Baridi Yabisi

Mkazi wa Ngamiani, jijini Tanga, anayeugua baridi yabisi hukutana kwanza na diklofenaki, kwa kuwa hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa na hupunguza maumivu ndani ya saa chache. Methotreksati, dawa inayotuliza kinga ya mwili, huandikwa na daktari, na nafuu yake huweza kungojewa kwa wiki 6 hadi 12. Kwa kasi, diklofenaki imeshinda, ingawa ushindi huo ni wa juujuu.

Baridi yabisi si maradhi ya viungo peke yake: kinga ya mwili inayoshambulia utando wa viungo huchochea pia uvimbe katika kuta za mishipa ya damu, ndiyo maana wagonjwa hawa hupatwa na shambulio la moyo na kiharusi zaidi ya watu wa rika lao. Diklofenaki hutuliza maumivu huku mfupa ukiendelea kulika, na ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kupandisha shinikizo la damu na kudhuru moyo, figo na tumbo. Methotreksati huutuliza uvimbe wenyewe, hivyo huchelewesha uharibifu wa viungo.

Hata hivyo haitaki mzaha. Hutumiwa mara 1 tu kwa wiki (kuimeza kila siku kunaweza kuua), pamoja na vitamini ya asidi ya foliki, huku damu na ini vikipimwa mara kwa mara, na mjamzito haruhusiwi kuitumia. Kwa maoni yangu, diklofenaki ibaki ya kipindi cha kungojea methotreksati ifanye kazi, tena kwa idhini ya daktari.