Nimepanda Milima ya Ngong kuangalia mashine tulizozikataa Kinangop

Nyota nne kwa matembezi. Nyota mbili kwa nyama. Dereva wa matatu tuliyoikodi simpi nyota, namwombea tu.

Kwanza mjue anayewaandikia ni nani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Siku hizi nalima waru, yaani viazi, aina ya Shangi na kukamua ng'ombe watatu upande wa Njabini, Kinangop Kusini, kaunti ya Nyandarua. Mwaka 2015 nilikuwa miongoni mwa waliosimama barabarani na matawi mikononi kupinga mitambo ya umeme wa upepo isijengwe kwetu. Sikurusha jiwe. Lakini nilipiga kelele, na koo lililozoea darasa la watoto sitini si koo la mchezo.

Chama cha mke wangu, kikundi cha wanawake cha kuchangiana, hutoka matembezi kila Desemba. Wamekwenda Naivasha, wamekwenda Nakuru, safari hii wakachagua Ngong kwa sababu binti wa mweka hazina aliona picha kwenye simu. Walihitaji wanaume wawili wa kubeba maji na masufuria. Nilijitolea haraka hata mke wangu akanitazama kwa jicho la kuuliza. Sikumwambia kwamba kwa miaka yote hii nilikuwa na deni na mashine zile. Nilizipinga bila kuwahi kusimama chini ya hata moja, ilhali za kwanza zilikuwa Ngong tangu 1993, mwendo wa saa tatu kutoka kwangu.

Tulitoka saa kumi na moja alfajiri, sakitu ikiwa bado nyeupe juu ya majani ya waru. Flyover, Limuru, Gitaru, tukashika Southern Bypass hadi Karen, kisha Ngong. Matatu ni ya viti kumi na vinne, sisi tulikuwa kumi na saba, na ule ubao wa kuwekwa katikati ya viti ulinikalia kama adhabu ya shule. Tulikuwa tumekubaliana bei, mafuta yakiwemo. Kufika mjini Ngong, dere akazima injini, akageuka, akasema mafuta hayakuhesabiwa. Wanawake wa chama si watu wa kufanyiwa hivyo. Mweka hazina alifungua simu, akasoma ujumbe wake mwenyewe kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na ile emoji ya gumba. Injini ikawaka. Ushauri: makubaliano yote yawe kwa maandishi, hata na mtu mnayesali naye kanisa moja.

Langoni unalipa kwa simu. Kiingilio cha raia ni nafuu, hakifikii bei ya kilo moja ya mbuzi. Ukitaka kuufuata mgongo wote wa milima hadi Kona Baridi, jiunge na kundi na mwende na askari wa msitu, kwa sababu upweke wa kule mbele umewahi kuwaponza watu. Sisi hatukwenda huko. Mitambo iko upande huu wa lango, nami nilikuja kwa ajili yake.

Jambo la urefu: kilele kina mita 2,460 juu ya bahari. Vijana wa Nairobi walikuwa wanahema kama mbwa wa jua kali. Sisi wa Kinangop tunalala juu kuliko hapo, kwa hiyo shosho wa miaka sabini na moja alikuwa anawapita huku akila andazi.

Sasa mashine. Zile mbili za mwanzo zilikuwa msaada wa Ubelgiji. Mwaka 2009 zikaja nyingine kubwa zaidi, baadaye zikaongezwa, na leo mlima mzima unatoa megawati 25.5. Miaka thelathini nilifundisha neno kititia, kile kidude cha ukuti ambacho watoto wa pwani hukimbia nacho kizunguke kwa upepo. Nilikichora ubaoni kwa chaki mwaka baada ya mwaka. Hapa nikasimama chini ya kititia ambacho mlango wake peke yake ni mrefu kuniliko. Mjukuu wangu akaniuliza, "Guka, hii ndiyo ile mliikataa?" Nikamwambia ni ndugu yake mdogo.

Niliamua kuipima kama mwalimu. Chini kabisa ya mnara inasema vuu, vuu, vuu, kama mtu anayepeta mahindi kwenye ungo mkubwa, na ndani yake kuna mvumo mwembamba wa mashine. Niliongea na mke wangu kwa sauti ya mezani, akanisikia (akajibu jambo lingine kabisa, lakini hiyo ni kawaida yetu). Nikahesabu hatua mia moja, bado naisikia. Hatua mia tatu, upepo masikioni ukaizidi. Nilikuwa nimetarajia jitu linalonguruma. Mwaka ule mtu mmoja pale tunapopeleka maziwa alitwambia mlio wake unafanya ng'ombe atoe mimba na mwanamke asishike. Mwingine akasema nywele hunyonyoka. Nilikuwa na diploma ya ualimu na niliyarudia maneno hayo nyumbani kama yalivyo. Chini ya mnara wa Ngong niliona haya, na sikuwa na wa kumwambia isipokuwa mjukuu, ambaye alikuwa anatafuta mtandao.

Lakini subirini, wapenzi wa upepo, msinibebe mabegani bado. Kuna kitu sikuwahi kukisikia kwenye kelele zetu zote, nikakiona asubuhi ile kwa macho yangu. Kivuli. Jua likiwa bado chini, mapanga ya mashine, yale yanayozunguka, yalitupa vivuli virefu kwenye nyasi, vikapita, vikapita, vikapita. Watoto walikuwa wanavirukia wakicheka. Nikajiuliza: kivuli hiki kikipita dirishani kwangu jikoni kila asubuhi, chai mezani, mwanga unakuja unaondoka, unakuja unaondoka, nitacheka? Na mlio nao, mandari ni mandari na kulala ni kulala. Saa sita usiku Kinangop husikii kitu ila ng'ombe akicheua. Hapo ndipo vuu, vuu hupimwa, si saa nne asubuhi kwenye kelele za watoto na upepo.

Tena hizi ni ndogo. Hesabu ya darasa la sita: mradi tulioukataa Kinangop ulikuwa wa megawati 60.8 kwa mashine 38, yaani 1.6 kila moja. Hizi za Ngong zina 0.85. Na hapa zimesimama juu ya mgongo wa mlima, kondoo wanalisha chini yake. Kwetu zingekuwa katikati ya waru, kabeji na nyumba za watu, kwenye mashamba ya ekari chache chache ambayo mpaka wake ni ua wa miti. Mwenye mnara analipwa kodi ya ardhi. Jirani aliye upande wa pili wa ua anapata kivuli.

Na ardhi yenyewe, ngoja niwaeleze, maana wageni hudhani tulikataa kwa ushamba. Kinangop ilikuwa ya walowezi. Baba yangu aliingia pale miaka ya sitini kwenye skimu za makazi, kwa mkopo, na aliulipa ule mkopo kwa maziwa na pareto hadi mimi nikawa na ndevu. Hati ilipotoka aliifunga kwenye nailoni mbili akaiweka chini ya godoro, akawa hapendi kulala nje ya nyumba yake. Sasa mtoto wa mtu kama huyo umletee karatasi ya kukodisha ardhi kwa miaka mingi, kurasa na kurasa za Kiingereza cha mawakili. Jirani yangu aliniletea ya kwake nimsomee kwa kuwa mimi ni mwalimu. Niliisoma mara mbili, nikamrudishia, nikamwambia atafute wakili. Sikusema ni mbaya. Sikuielewa, na kijiji kizima kilitambua kwamba mwalimu hakuielewa. Yale ya mimba na nywele yalipata mlango hapo.

Kwa hiyo nikiulizwa leo, ningesimama barabarani tena? Kwa ajili ya nywele, la. Kwa ajili ya karatasi, ndiyo, na safari hii ningebeba maswali badala ya matawi: umbali gani kutoka mlangoni kwangu, jirani asiye na mnara anapata nini, nani ataing'oa ikizeeka, na hati ya baba yangu inalala wapi. Kule Marsabit, kwenye mitambo 365 ya Ziwa Turkana, mahakama ilisema mwaka 2021 kwamba hati za ile ardhi kubwa zilipatikana bila kufuata sheria, na wakati huo mapanga yalikuwa yameshazunguka miaka. Huku Kajiado, Kipeto, kuna mitambo 60, na wenye mashamba wana fungu lao katika mapato. Upepo ni uleule. Tofauti iko kwenye karatasi.

Wapenda ndege nao walikuwa na neno lao kuhusu Kinangop. Kuna ndege mdogo wa kifua cha manjano ambaye hapatikani kokote duniani ila nyanda za juu za Kenya, na anataka nyasi. Hapo sitajitetea, kwa sababu nyasi zake tumezimaliza sisi wenyewe kwa jembe, bila mtambo hata mmoja.

Mradi wa Kinangop ulikufa Februari 2016. Kampuni ilitangaza kwamba fedha zimeisha kwa ucheleweshaji wa maandamano, na hakuna mnara uliosimama. Kabla ya hapo mtu alikuwa ameuawa katika ghasia. Tulishangilia kufa kwa mradi, wengine wakachinja. Mimi sikwenda kula.

Nikirudi kwenye nyama. Tulishuka Kiserian mchana, njaa ikiwa imetukomesha, tukaingia bucha moja yenye jiko nje na viti vya plastiki. Sitaitaja jina. Tulipimiwa kilo sita za mbuzi mbele ya macho yetu, mguu na mbavu, safi. Zikaingia jikoni. Baada ya saa moja na nusu zikarudi nyama ambazo mimi, mtu wa kuchinja Krismasi miaka hamsini, siwezi kuapa kuwa ni zilezile. Mbavu zilikuwa zimepungua, mfupa wa shingo ambao hatukuununua ulikuwepo. Mkataji aliponiona nauhesabu akaanza kukata haraka zaidi. Kachumbari ilikuwa ya maji, ila mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu, lo, mutura ulikuwa na pilipili ya kumrudisha mtu aliyepotea, na ule ndio umeipa bucha nyota ya pili. Ugali moto, mgumu kama inavyotakiwa.

Spika ilikuwa imefungwa juu ya mti, hatua sita kutoka meza yetu. Tuliagiza soda kwa ishara za mikono. Mke wangu alinisogelea sikioni akapiga kelele: "Hii ndiyo mngeandamana!" Ng'ambo ya barabara kulikuwa na nyumba za kupanga, nguo zimeanikwa, mtoto amelala mgongoni kwa mama yake akitikiswa na besi. Watu wazoea vitu, na kipi wanazoea na kipi wanakataa sijapata kuona kanuni yake vitabuni.

Kwa wanaokwenda: fikeni mapema, kabla ya saa tatu, kama mnataka kuona vivuli ninavyosema. Bebeni sweta hata kama Nairobi kuna jua. Kofia ifungwe kidevuni, tuliziacha mbili zikielekea Bonde la Ufa. Viatu vya kushika ardhi, maana vumbi la njia ni laini na mteremko ukikupata umekupata. Chakula bebeni chenu, mle juu mkitazama Nairobi upande mmoja na bonde upande mwingine. Kama lazima mle Kiserian, mtu mmoja asimame jikoni na nyama hadi itoke.

Nyota ya tano nimeinyima matembezi kwa sababu ya ubao wa matatu tu, haihusu mlima.

Tulirudi saa mbili usiku. Kesho yake pale kwenye maziwa nikamkuta jirani yangu yuleyule wa karatasi, ndoo mkononi. Alikuwa ameshapata habari.

"Mwalimu, nasikia ulizifikia."

"Nilizifikia."

"Zinaliaje?"

Nikamlilia: vuu, vuu, vuu. Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakageuka. Akafikiri kidogo.

"Na ng'ombe wapo huko?"

"Niliona kondoo. Walikuwa wanakula nyasi chini yake."

"Walikuwa na mimba?"

"Sikuwauliza."

Akacheka, akamimina maziwa yake kwenye kopo la kupimia, akasimama akiuangalia mshale wa mizani kwa makini hadi ulipotulia.