Miwani ya elfu tano imenitesa miezi minne, nimepima macho ndo kichwa kikatulia

Mi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nashona mabaibui sana sana, nina miaka 43, na mwaka jana ikaanza hii habari ya kutunga uzi kwenye sindano mpaka nimwite mtoto wa jirani, namlipa mia mbili kila jioni. Napeleka sindano mbali, narudisha karibu, nalamba uzi, wapi, kitundu nakiona chenga tupu. Na uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi saa mbili usiku hata mwenye macho ya mwewe atapata tabu, ila nilijua hii sio giza tu.

Basi nikanunua miwani ya kusomea kwa machinga, elfu tano, ina stika ya +2.00, ndo nguvu ya lenzi hiyo. Unajaribu moja moja huku unasoma maandishi ya kwenye kiberiti, inayokuonyesha vizuri unabeba. Siku ya kwanza nilifurahi kama mtoto siku ya Idi. Wiki ya pili kichwa kinagonga kuanzia adhuhuri, mgongo nao unauma maana bila kuinamia kitambaa sioni, nikadhani presha, nameza dawa za maumivu tu, hivyo hivyo miezi minne.

Shoga yangu ndo akanivuta duka moja la miwani mjini. Kupima elfu kumi. Kijana anayepima mdogo kabisa, "Shikamoo mama, karibu ukae", roho iliniuma kidogo lakini nikaitika marahaba. Unafunika jicho moja unasema hiyo E imeangalia wapi, halafu kuna mashine inakupulizia kaupepo kwenye jicho ghafla, niliruka nikagonga goti kwenye meza. Akasema hiyo ni kwa ajili ya presha ya macho, na nilipomwambia mama yangu mzazi jicho moja limezimika kwa ugonjwa huohuo akabadilika uso, akasema basi wewe usikae bila kupima, maana mara nyingi haiumi, inakula pembeni pembeni, unakuja kushtuka ishachukua na ikishachukua hairudishi. Na nisinunue hovyo dawa za matone duka la dawa, kuna zingine zina steroidi, ukizizoea ndo zinapandisha hiyo presha yenyewe.

Sasa kumbe macho yangu hayalingani, kulia +1.50 kushoto +1.00, na mboni kwa mboni ni milimita 58. Ile ya machinga akaiweka kwenye mashine yake, pande zote sawa na katikati ya lenzi mpaka katikati ni 64, yaani siku nzima nilikuwa nachungulia pembeni ya kioo, na ile nguvu kubwa ndo ilikuwa inaniinamisha. Akasema haijaniharibu macho, imenichosha tu, kama ni kusoma meseji mbili tatu ingetosha, lakini sio kushona masaa kumi.

Fremu na lenzi 85,000. Waliniambia siku tatu, zikawa tisa, simu hawapokei. Wakaniongezea na 30,000 ya kukinga mwanga wa simu, hapo nasema wazi nimepigwa, usiku nikiwa kwenye simu macho yanawaka vilevile. Kilichosaidia ni cha bure: kila baada ya dakika kama 20 naacha cherehani natazama mwembe wa ng'ambo ya barabara sekunde 20 hivi, huku napepesa macho kwa makusudi, maana ukikodolea kitu husikii lakini unasahau kupepesa na jicho linakauka. Na taa nimeihamisha, zamani ilikuwa nyuma yangu nashona kwenye kivuli changu mwenyewe, aisee miaka yote hiyo.

Wiki ya tatu skrubu ya fremu ikadondoka, nimeitafuta siku mbili nimeikuta kwenye pindo la baibui la mteja, sijui ingekuwaje angeondoka nalo. Walikaza bure lakini bila hata samahani.

Kupima nawapa nyota tano, huduma nyingine mbili, na hiyo ya pili ni kwa heshima ya yule kijana. Sindano namba 11 natunga mwenyewe sasa hivi, mara moja tu uzi umepita. Mtoto wa jirani kaninunia, mia mbili yake imekufa.