Uzamili wa mawasiliano ya siasa na umma: nilivyouona

Niliingia darasani baada ya miaka sita ya kuwaandikia wakubwa hotuba, nikidhani nafuata cheti tu. Wiki ya tatu nikanywea. Tulisoma utafiti wa McCombs na Shaw, wasomi wa vyombo vya habari: wapiga kura 100 wa Chapel Hill, Marekani, uchaguzi wa 1968, wote hawajaamua wampigie nani. Mambo waliyoyaona mazito yalikuwa karibu yaleyale ambayo vyombo vya habari viliyapa uzito. Nikakumbuka taarifa zangu za Ijumaa jioni, nilizozitoa saa hiyo makusudi zisisomwe.

Uchambuzi wa maudhui ndio ulionitoa jasho. Hotuba 40, kila aya unaipa alama ya kundi la maudhui yake, kisha mwenzako anairudia bila kuona zako. Mkipishana sana, mnaanza upya. Sisi tulianza upya mara mbili, na ningelipa ada yote kwa somo hilo peke yake.

La mitandao ya kijamii, hapana. Mhadhiri alisoma slaidi neno kwa neno. Msimamizi wa tasnifu naye aliikalia sura yangu ya pili miezi miwili.

Kama shida yako ni kujua kuandika taarifa kwa waandishi wa habari, usijisumbue: hilo utalipata kazini, tena kwa mshahara.