Nililipia kusikia habari za akina Houblon, nikanyamazishwa mbele ya mwanangu

Nyota moja. Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa, haikupoa, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa safari ya siku moja ya kampuni ndogo ya matembezi ya hapa London, jina naliacha. Asubuhi mnatembezwa mjini, mchana mnapakiwa kwenye basi dogo hadi Essex, jioni mnarudishwa. Mada ni ukoo wa Houblon, wafanyabiashara wa karne ya 17 waliotokana na wakimbizi wa Kihugenoti, yaani Waprotestanti waliozungumza Kifaransa, na mali walizoacha. Nilikata tiketi mbili, yangu na ya mwanangu wa miaka 12. Habari za watu hawa nazifuatilia siku nyingi na nina sababu yangu, nitaifikia.

Mwongozaji alianza vizuri, hilo namkubalia. Tulisimama Threadneedle Street, manyunyu yanatupiga, akatoa noti ya zamani iliyofungwa kwenye plastiki: ile ya pauni 50 iliyotolewa 1994 Benki Kuu ya Uingereza ilipotimiza miaka 300, ikaacha kutumika 2014. Juu yake yupo Sir John Houblon na wigi lake refu la mawimbi, nyumba yake iliyokuwa mtaa ule ule, na bawabu wa benki pembeni. Mwanangu aliishika kwa ncha za vidole akaniuliza kama huyu ndiye mwenye benki. Hapana baba, ni gavana wake wa kwanza, mwaka 1694. Benki yenyewe ilikuja kujengwa pale palipokuwa nyumba yake, ikahamia 1734.

Akaeleza walikotoka: Lille, siku hizo mji ukiwa chini ya mfalme wa Hispania, wakakimbia karne ya 16 kwa sababu ya dini yao ya Kiprotestanti. James Houblon mzee, baba yake Sir John, alizaliwa 1592, akalelewa katika kanisa la wakimbizi wa Kifaransa palepale Threadneedle Street, akaishi hadi 1682, wafanyabiashara wakimwita baba wa Soko la Kifalme la London. Akaeleza pia ule moto wa 1666, jinsi Samuel Pepys, mwandishi wa shajara na rafiki wa familia, alivyomkuta Isaac Houblon mlangoni kwake, kijana mtanashati aliyejaa vumbi, akipokea vitu vya ndugu zake ambao nyumba zao zilikuwa zinaungua. Nilisisimka. Mpaka hapo ningempa nyota tano na bakshishi juu.

Kisha akasema utajiri wa familia ulitokana na mvinyo na biashara safi na Hispania na Ureno. Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kwa adabu kabisa: na meli ya Charles II je?

Kwa asiyeijua habari hiyo: mwaka 1693 Sir James Houblon, ndugu yake gavana, aliongoza wafanyabiashara walioandaa meli za kwenda makoloni ya Hispania huko Amerika. Meli kubwa waliipa jina la mfalme wa Hispania, Charles II. Wazee wao walikimbia utawala wa taji lile, wajukuu wakaingia nalo ubia. Meli zikakwama bandari ya La Coruña, Hispania, kwa miezi zikingoja vibali vya Madrid, na mabaharia hawalipwi. Usiku wa 7 Mei 1694 wakaasi wakiongozwa na Henry Every, wakamshusha nahodha aliyekuwa mgonjwa, wakaipa meli jina la Fancy na kuelekea Bahari ya Hindi. Julai mwaka ule ule benki ikapata hati yake ya kifalme, na ndugu watatu, John, James na Abraham, wote wakiwa kwenye uongozi wake wa mwanzo. Ilimkopesha mfalme wa Uingereza pauni milioni 1.2 kwa riba ya asilimia 8. Mabaharia kule La Coruña hawakuwa wamelipwa hata mishahara yao.

Mwongozaji akanijibu kwamba hizo ni hadithi za maharamia, hazihusiki. Nikamwambia zinahusika, meli ilikuwa yao, na mapema 1695 ilitia nanga Nzuani, visiwa vya Ngazija, ambako Every aliacha barua kwa manahodha wa Kiingereza. Nikamwambia bibi yangu mzaa mama ni mtu wa Nzuani, aliolewa Unguja. Akatazama saa yake. Akasema, kwa sauti ya kila mtu asikie, kwamba hakuna aliyelipa kuja kusikia habari za Afrika, na kama nina mhadhara wangu nitafute ukumbi. Watu wawili watatu wakacheka. Halafu akageuka akaendelea na mvinyo wake.

Mwanangu akanivuta mkono wa koti. "Mama, kwani umesema uongo?"

Hilo swali ndilo lililoniandikisha haya. Si pesa. Mtoto amekua hapa, kila siku shuleni anasikia historia ikipita mbali na kwao, na siku hii moja nilimleta aone mahali ambapo mtaa wa mabenki wa London unagusa bandari ya bibi yake. Akaona mama yake anachekwa.

Sitetei maharamia. Septemba 1695 waliivamia Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa inarudisha mahujaji kutoka Maka, wakawatenda wanawake mambo ambayo sikuweza kumweleza mtoto. Watano wa kundi lile walinyongwa London 1696, Every mwenyewe hakupatikana kamwe. Lakini chanzo cha yote ni watu kufanya kazi bila kulipwa. Bibi alikuwa akituambia mlipeni mtu ujira wake kabla jasho halijakauka, na kila alipoajiri mpagazi wa kubeba nazi alikuwa na sarafu tayari mkononi.

Basini nilikuwa nimenuna. Tukafika Hatfield Forest na, niwe mkweli, moyo ulilainika. Miti yake mizee imekatwa vichwa karne kwa karne ili ichipue upya, mashina yamevimba kama magoti ya wazee. Ulikuwa msitu wa uwindaji wa wafalme, Jacob Houblon wa kizazi cha baadaye akaupata 1729 pamoja na shamba kubwa la Hallingbury. Kando ya ziwa walilochimba kipo kibanda kilichopambwa kwa makombe ya baharini, kazi ya binti yake Laetitia. Nilisogeza uso karibu na ukuta nikaona makombe yamepachikwa moja moja kwenye chokaa, mengine yamedondoka yakaacha alama ya umbo lake. Mwanangu alitia kidole kwenye shimo moja, akasema ni kama kule Nungwi. Jumba kubwa la Hallingbury lilibomolewa, lakini msitu uko wazi kwa umma tangu 1924. Pale nilikuwa tayari kuandika nyota tatu. Hata nne.

Ndipo mwongozaji akapanda kwenye kisiki akatangaza kwamba haya yote tunayoyaona ni matunda ya familia iliyojua thamani ya kumlipa mtu haki yake. Alisema hivyo akiniangalia mimi.

Sikujibu. Mwanangu alikuwa ameshika mkono wangu.

Niliwaandikia malalamiko yenye kila mwaka na kila jina. Jibu lilikuja baada ya muda, mistari mitatu: pole kwa kutoridhika kwako, waongozaji wetu hufupisha historia kwa faida ya kundi zima, karibu tena kwa punguzo la asilimia 10. Hakuna aliyesema kama nilikuwa sahihi au nimekosea. Hizo nyota mbili za msitu nazirudisha kwa msitu. Kampuni inabaki na moja, na hiyo ni ya ile noti.

Mwanangu anaomba turudi wenyewe. Treni ya Liverpool Street inafika hadi Bishop's Stortford, halafu kuna njia ya miguu ilipokuwa reli zamani inayokupeleka hadi msituni. Tutakwenda majani yakishachipua, na chai yetu kwenye chupa.